Maneno Aliyoyaruka Mama Rebeka

Nilipopangiwa kufundisha Shule ya Msingi Bugomelo sikumjua mtu hata mmoja huko. Kwetu ni Maganzo, kando ya barabara kuu, ambako mtu akinyamaza dakika tano anaulizwa kama anaumwa. Bugomelo iko ndani. Ukitoka Kahama unaacha lami, unapita mashamba ya mpunga na dengu, na bodaboda inakurusha saa moja na nusu hivi mpaka unafika ukiwa na rangi ya vumbi. Mwalimu mkuu alinipokea, akanipeleka moja kwa moja kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na chumba cha kupangisha.

"Huyu ndiye Mama Rebeka," aliniambia. "Kwake hutalala njaa, wala hutakosa habari."

Jina lake ni Klara, ila nimewasikia watu wawili tu wakimwita hivyo: mume wake, Thobias, na padri. Alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, mfupi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kutwa nzima, pini tatu zikiwa zimebanwa kwenye pembe ya mdomo. Aliongea na pini hizo mdomoni bila shida. Siku ya kwanza alinipima kwa macho, akasema sketi yangu imenipwaya kiunoni, akaipunguza kabla sijamaliza kunywa maji niliyokaribishwa.

Alizaliwa hapo hapo Bugomelo, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Thobias, na mwaka uliofuata wakaenda Geita kufuata dhahabu. Walikaa machimboni miaka kumi na miwili, Thobias akichimba, yeye akitia viraka suruali za wachimbaji chini ya turubai. Kiswahili chake alikipata huko, cha watu wa Mara, wa Kigoma, wa Singida na wa Tanga, vyote vikiwa vimechanganyika. Jiwe lilipoanguka na kuvunja goti la Thobias walirudi nyumbani na cherehani moja na mbuzi wanne. Thobias akawa mfugaji wa mbuzi anayechechemea, na hakulalamika. Mama Rebeka akafungua kibanda chake karibu na zahanati.

Mwaka niliofika mimi, dhahabu ikawafuata. Ilionekana kwenye kilima nyuma ya kijiji, na haikupita miezi mitatu kilima kikajaa maturubai. Watu walikuja kwa mamia na sururu zao. Walichimba maduara, yaani mashimo yale marefu ya kwenda chini, na duara lisipoegemezwa kwa magogo linaporomoka. Kwa hiyo walihitaji miti. Na miti iliyokuwa karibu ilikuwa kwenye ngitili.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo ambalo wenyeji wa huku hulifunga wakati wa mvua ili majani na miti vistawi, kisha hulifungua kiangazi mifugo ikiwa haina pa kulishia. Ngitili ya Bugomelo ilikuwa na kamati yake, ikiongozwa na Mzee Mihayo, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Siku moja alikuta visiki vipya sitini na tatu. Alivihesabu mwenyewe kwa kuvigusa na fimbo. Wiki iliyofuata ng'ombe wake jike, mwenye mimba, akatumbukia kwenye shimo la majaribio ambalo wachimbaji walilichimba pembezoni mwa ngitili na kuliacha wazi. Akafia humo.

Vijana wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hawakungoja kuambiwa. Waliziba kwa miiba njia ya kwenda lambo, lile bwawa la kunyweshea mifugo, ambako wachimbaji nao walichota maji yao ya kunywa na kupikia. Kesho yake wachimbaji wakashuka kilimani na mapanga kuja kuifyeka ile miiba. Hakuna aliyeumia, lakini ni kwa sababu tu mvua kubwa ilianza kunyesha na kila mtu akakimbilia kwake.

Mtendaji wa kijiji alikuwa Donatus, kijana mpole wa Bukoba aliyependa mambo yaandikwe. Aliita kikao ofisini kwake. Upande wa wafugaji alikaa Mzee Mihayo na wazee wawili. Upande wa machimbo alikaa Mwita, msimamizi wa maduara, mtu wa Tarime, mrefu, asiyezunguka maneno. Shida ilikuwa moja. Mzee Mihayo Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia chumvi na dawa ya kupe, na wale wazee wenzake hawakumzidi. Kesi, alisema, ataisema kwa Kisukuma au hataisema. Waliojua lugha zote mbili walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na upande. Mtu pekee aliyekubalika kote kote alikuwa Mama Rebeka. Wenyeji walimjua tangu anatambaa, na wachimbaji walimjua kwa viraka.

Kikao hicho mimi sikuwepo. Ninayoyajua nimesimuliwa na yeye mwenyewe, baadaye, mkasi ukiwa mkononi.

Mzee Mihayo alianza kwa kusema Mwita ana kichwa kama kibuyu kikavu, kinatoa mlio tu. Mama Rebeka akamgeukia Mwita, akasema, "Mzee anasema angependa ufikirie jambo hili kwa makini."

Mwita akajibu kwamba mzee huyu ana shingo kama ya punda aliyegoma. Mama Rebeka akamwambia Mzee Mihayo kwa Kisukuma, "Baba, anasema wewe ni mtu wa msimamo."

Mzee akatikisa kichwa. Hakutegemea kusifiwa. Mambo yakaenda hivyo, neno kali likiingia sikioni mwa Mama Rebeka na kutokea upande wa pili likiwa limepigwa pasi. Baada ya saa mbili tu wakaelewana. Wachimbaji hawatakata tena miti, wafugaji watafungua njia ya lambo. Donatus aliandika, wote wakaweka sahihi na dole gumba, na habari zikaenea kwamba Mama Rebeka ana mdomo wa baraka. Wiki hiyo aliletewa kuku wawili na debe la karanga.

Amani hiyo ilikaa siku kumi na saba.

Siku ya kumi na nane Mzee Mihayo aliagiza miiba irudishwe. Wachimbaji wakaja na pikipiki zao za kubebea madumu, wakakuta njia imefungwa, wakaanza kusukumana na sungusungu. Katika kusukumana, pikipiki moja iliserereka ukingoni ikaingia yote kwenye lambo. Watu waliacha kugombana wakasimama kutazama mapovu. Halafu, kwa kuwa pikipiki ni pikipiki, vijana wa pande zote mbili wakaingia majini kuitoa, na walipomaliza kuitoa wakaendelea na ugomvi wao wakiwa wameloa.

Donatus aliita kikao cha pili, safari hii darasani kwetu, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia. Aliniomba niandike muhtasari. Alijua natoka Maganzo, lakini sidhani kama alikumbuka kwamba mtu wa Maganzo anajua Kisukuma. Nilikaa kwenye dawati la mbele na daftari langu. Madirishani walijaa watu. Athanas, mdogo wake Thobias, ambaye kazi yake ilikuwa ulinzi wa ngitili, alisimama mlangoni na rungu lake.

Mzee Mihayo alisimama. Aliongea polepole, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo. Alisema kwa Kisukuma, "Tangu ng'ombe wangu afe sijaona mtu wa kilimani akikanyaga nyumbani kwangu kunipa pole. Nililisema mwezi uliopita mbele ya huyu bwana. Akanisikia, akanyamaza, akaweka sahihi. Mtu asiyeweza kutoa pole ya bure, miti yangu ataiachaje? Wasipokuja, wa kwanza kupita njia yangu nitamtumbukiza kwenye shimo lile lile."

Mama Rebeka akasema, "Mzee anasema bado ana uchungu wa ng'ombe wake, na anaomba makubaliano yaheshimiwe."

Mimi nilikuwa naandika. Kalamu yangu ilikuwa imeshaandika pole, na nyumbani kwangu, na mtu wa kilimani. Nikainua kichwa. Mungu ananijua, nilidhani amesahau tu.

"Samahani, Mama Rebeka," nilisema. "Mzee hakusema hivyo."

Mwita aligeuka akanitazama. "Alisemaje, Mwalimu?"

Ilibidi niseme. Nilimsomea nilichoandika, mpaka lile la shimo.

"Mwezi uliopita hakusema habari ya pole," Mwita alisema. "Nilikuwepo. Angesema ningeenda. Kwetu ng'ombe akifa mtu anapewa pole, kwani sisi hatufugi?"

Mzee Mihayo akauliza kwa Kisukuma huyu kijana anasema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Watu wote walikuwa wanamtazama Mama Rebeka, na yeye alikuwa anachomoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kola ya blauzi yake. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Mtu huyu alinipikia asubuhi hiyo.

"Alisema," Mama Rebeka alimwambia Mwita. "Alisema mwezi uliopita. Alilisema pamoja na matusi na vitisho, na mimi nilivyokuwa natupa matusi nikalitupa na hilo." Kisha akamgeukia Mzee Mihayo, akapiga goti kidogo, akayasema yote tena kwa Kisukuma.

Mzee aliketi, fimbo katikati ya magoti.

Nilidhani yameisha. Lakini yeye aliendelea kusimama, mikono ikiwa imeshika ncha mbili za ile tepu yake.

"Na lipo lingine," alisema. "Hili hamjaniuliza. Siku ile Mwita alisema miti hawakuiba, akasema muulizeni mlinzi wenu. Mtendaji alikuwa anaandika, hakulishika. Mimi nililisikia, nikalielewa, na sikumwambia Mzee. Nilimwambia kwamba Mwita anaomba radhi. Miti ile waliuziwa. Aliyeuza ni shemeji yangu, Athanas."

Alilirudia kwa Kisukuma, jina likiwa lile lile, na halikuhitaji tafsiri. Tuligeuka kutazama mlangoni. Rungu lilikuwa limeegemezwa ukutani, na Athanas hakuwepo.

Kikao kilivunjika kwa kelele. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha na kuhama. Nilimkuta Mama Rebeka amekaa kwenye mkeka anachambua dengu, Thobias kwenye kiti, goti lake limenyooshwa mbele. Jua lilikuwa bado liko juu.

"Ungeanza kuniambia mimi," Thobias alisema. "Yule ni mdogo wangu."

"Ningekuambia wewe ungenikataza."

Thobias alilikanda goti lake. "Ningekukataza," alikubali. Akainuka, akaenda kutazama mbuzi ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Nilimwambia Mama Rebeka kwamba mwisho wa mwezi nitatafuta chumba kwingine.

"Uhamie wapi, Mwalimu?" alisema. "Kwa nani? Watu wote wanaojua kupika wako nyumba hii." Akasogeza ungo ili nikae, nami nikaanza kuchambua. Baada ya muda akasema, "Machimboni nilizoea. Mtu akimtukana mwenzake, namwambia yule kwamba umesalimiwa. Watu hawakupigana karibu na cherehani yangu miaka kumi na miwili. Nikaona nina kipaji." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nimepiga pasi nguo yenye tundu, nikamrudishia mwenyewe nikamwambia ni mpya."

Siku tatu hakufungua kibanda. Siku ya nne, mchana, nilikuwa nasahihisha madaftari kibarazani nikamwona Mzee Mihayo anakuja kwa mguu, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake kama anavyotembea akiwa machungani. Mama Rebeka alitoka akamwamkia kwa kupiga goti. Mzee alipewa kigoda. Akapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akala yote kwanza.

"Mayo," alisema kwa Kisukuma, yaani mama, "nimewahi kudanganywa na watu wengi. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kabla sijakukamata. Na kwenye lile la pili ulimtaja mtu wa nyumba yako. Sasa nataka unisemee tena. Ila useme yote."

"Na matusi, Baba?"

"Matusi hasa. Nimeyafikiria njiani."

Mama Rebeka alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kumbe Mwita naye alikuwa ameshamtuma mtu na maneno yale yale. Yeye aliongeza kwamba anataka kujua ni nini kingine alichotukanwa mwezi uliopita, maana alihisi hakupata haki yake.

Mama Rebeka akakubali, kwa masharti yake. Mtu atasema maneno machache kisha angoje. Hakuna atakayemkata mwenzake kabla tafsiri haijaisha. Na yeye atatafsiri tusi kama lilivyo, akianza na jina la aliyelitoa, ili kesho mtu asiseme alisingiziwa.

Kikao cha tatu kilifanyika tena darasani. Nilipewa tena daftari, ingawa niliomba nisipewe.

Mzee Mihayo alifungua kwa lile la kibuyu. Mama Rebeka alisimama wima kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, akasema kwa sauti ile ile anayotajia vipimo vya kiuno, "Mzee Mihayo anasema kichwa chako, Mwita, ni kibuyu kikavu. Anasema kina mlio lakini hakina kitu. Anasema pia kibuyu chenyewe si kizuri, hakifai hata kuwekea maziwa."

Kuna mtu dirishani alikohoa. Mwita akavuta pumzi, akarudisha la punda aliyegoma, akaongeza kwato na masikio. Mama Rebeka akamgeukia Mzee Mihayo, akapiga goti kidogo kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo akamwita punda, kwato na masikio, bila kupunguza kitu.

Mmoja wa wale wazee wawili ndiye aliyeanza. Alijaribu kuficha uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Kisha Donatus, ambaye Kisukuma hakijui lakini alikuwa ameona masikio yakionyeshwa kwa mikono. Kisha dirisha zima. Mzee Mihayo alikaza uso kadiri alivyoweza, halafu akaanza kufuta macho kwa kitambaa. Mwita alikaa akitazama dari, midomo ameibana. Ni vigumu sana kumchukia mtu wakati tusi lako linasomwa polepole na mama mwenye tepu shingoni.

Walipotulia, Mzee Mihayo hakuongeza lingine. Alisema habari ya pole, kwa maneno machache, na Mama Rebeka akayatoa yote.

Mwita alisimama. "Mwambie Mzee hatukujua kwamba anangoja. Tulijua shimo ni letu, tukaogopa kwamba tukienda tutadaiwa ng'ombe, tukajificha. Hilo ni kosa, na ni langu, kwa sababu vijana waliniuliza twende nikasema tusubiri. Mwambie Jumamosi tunakuja."

Alisema hivyo hivyo, na ndivyo alivyotafsiriwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Waje asubuhi," alijibu. "Mchana nakuwa na ng'ombe."

Baada ya hapo mengine yalikuwa kazi tu, ingawa yalichukua siku nzima na watu walivutana sana. Mashimo yote ya majaribio yaliyoachwa yafukiwe, na litakalobaki wazi lizungushiwe miiba ile ile iliyokuwa imefunga njia. Magogo ya maduara yatakuwa ya mikaratusi, yanunuliwe kwa wanaopanda miti upande wa Geita. Wachimbaji watachota maji asubuhi, ng'ombe watakunywa kuanzia saa tano, na hakuna atakayesafishia mawe karibu na lambo. Ngitili itakuwa na walinzi wawili badala ya mmoja, mmoja wa kijiji, mmoja wa kilimani.

Ilibaki habari ya Athanas. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele, akasema aliuza. Wengine walitaka atengwe, asiazimwe hata moto. Mzee Mihayo akauliza kisiki kimoja kinahitaji miche mingapi. Wakasema miwili, maana mmoja hufa. Basi Athanas akapangiwa kupanda na kumwagilia miche mia moja na ishirini na sita mpaka ishike, na kamati itakuja kuikagua kila mwezi. Aliondoka bila kumtazama shemeji yake.

Jumamosi niliomba niende nao. Wachimbaji kumi na wawili walikwenda kwa Mzee Mihayo wakiwa wameoga na kuvaa mashati safi. Saba kati ya mashati hayo yalikuwa na mkono wa Mama Rebeka, alinionyesha njiani. Mwita alibeba mfuko wa sukari. Waliamkia shikamoo kwa pamoja kama darasa la tatu, na Mzee akaitikia marahaba, kisha akauliza jina la kila mmoja, la baba yake, na kwao ni wapi. Hilo peke yake lilichukua muda. Pole ikatolewa. Mzee akapokea. Tukaletewa maziwa mgando kwenye vibuyu, na nikaona Mwita anakitazama cha kwake kwa makini kabla hajanywa.

Halafu Mzee akaanza kusimulia habari za yule ng'ombe. Alimpa jina la shangazi yake, Nyanzala, kwa sababu wote wawili hawakupenda kuamrishwa. Alisimulia ng'ombe aliyemzaa Nyanzala, na bibi yake, na mwaka wa ukame ambao bibi huyo alitembea mpaka Isaka na kurudi. Mama Rebeka alitafsiri mpaka sauti ikaanza kukwama. Mwita akauliza pembe zilielekea wapi. Mzee akaonyesha kwa mikono. Mwita akasema kwao pembe za namna hiyo wanazipenda, akachora chini kwa kijiti. Mzee akachukua kijiti, akasahihisha mchoro. Mmoja anasema Kisukuma, mwingine Kiswahili, wote wameinama juu ya ng'ombe wa vumbini, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mkalimani kitu. Mama Rebeka akaegemea ukuta wa nyumba, akaniambia niongeze maziwa kama yamebaki.

Hivi sasa ni mwaka wa pili. Ugomvi upo, nisidanganye. Juzi kulikuwa na mzozo juu ya mashine ya kusaga mawe iliyowekwa karibu mno na shule, na mimi ndiye niliyelalamika. Lakini watu wanaitana, wanakaa, wanasemezana. Mama Rebeka ameitwa vijiji viwili vya jirani, kimoja cha Wasumbwa, ambako alikataa kutafsiri kwa sababu lugha yao anaisikia nusu tu. Aliwaambia watafute mtu mwingine, akakaa siku nzima kuwaonyesha kikao kinavyoendeshwa. Walimpa ndizi, tukala wiki nzima.

Nyumbani ilichukua muda zaidi. Thobias na mdogo wake waliendelea kusalimiana, ila Athanas hakukanyaga kwetu miezi mitano. Akipita na ndoo zake za kumwagilia alizungukia nyuma ya zahanati. Mama Rebeka alimwona kila siku na hakusema kitu. Aliniambia yeye ndiye aliyemtaja mbele ya watu, kwa hiyo saa ya kurudi ataichagua Athanas mwenyewe.

Aliichagua mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea na miche mia moja na kumi ikiwa imeshika. Tulikuwa kibandani, mimi nikingoja sare ya kwaya. Athanas akasimama nje ya mlango, ameloa, ameshika suruali iliyokunjwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ingia, unanyeshewa."

Aliingia. Akaweka suruali juu ya cherehani bila kuikunjua. "Imekuwa ndefu," alisema.

Mama Rebeka aliinua suruali, akaipima kwa macho. Hata mimi niliona kwamba haikuwa ndefu. Akamwambia aivae nyuma ya pazia, kisha akavuta tepu shingoni, akaweka pini mdomoni, akapiga goti chini.

"Simama wima," alisema. "Nikupunguzie kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Miche ya upande wa lambo naona imechangamka."

"Ile ya juu ndiyo inanisumbua. Mbuzi wa kaka wanaingia."

"Nitamwambia."

"Nimeshamwambia," alisema Athanas. "Tumeongea asubuhi. Anaweka uzio kesho, naja kumsaidia."

Mama Rebeka akaweka pini ya kwanza kwenye pindo, akamwambia ageuke polepole.